MWEZI GISABO: MWAMI ALIYEWAFUNGIA NJIA WAFANYA BIASHARA YA WATUMWA

Askari anayepewa safari ya kutoka Gitega kwenda Muyinga huteremka hadi bonde la mto Ruvubu, hupita Karuzi, kisha hupanda tena vilima vya kaskazini-mashariki ambavyo wazee waliviita Bweru. Njia hiyo hukata nchi ambayo kwa zaidi ya miaka 50 ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, angalau kwa jina, naye ni Mwami Mwezi Gisabo. Nasema kwa jina, kwa sababu nchi za katikati, ambako leo uko mji wa Gitega, zilimtii, lakini Bweru haikumtii. Katika tofauti hiyo ndimo ilimolala siri ya kushinda kwake na ya kushindwa kwake pia.

Katika Afrika ya Mashariki ya karne ya 19 nchi zilizoweza kuuzuia msafara wa biashara ya watumwa mpakani zilikuwa chache. Burundi ni mojawapo, na Rwanda jirani yake ni nyingine. Jambo hili hutajwa kila mara kama fahari ya taifa, na ni haki litajwe, lakini ni mara chache huelezwa lilivyotokea na nani aliyelipa gharama yake. Hayo ndiyo tutakayoyaeleza hapa, kwa kuyafuata maisha ya Mwami mwenyewe.

Gisabo alikuwa bado mtoto mdogo alipofariki baba yake, Mwami Ntare Rugamba, mnamo mwaka 1850 hivi. Jina lake ni la chombo cha nyumbani: igisabo ni kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, ambacho kila mama wa Kirundi anakijua. Alipopokea ngoma ya ufalme alipewa jina la Mwezi, kama ilivyokuwa desturi, kwani majina ya wafalme wa Burundi yalifuatana kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha yakaanza upya.

Baba yake alikuwa mtu wa vita. Ndiye aliyeipanua Burundi hadi sehemu ya Bugesera upande wa kaskazini na hadi Bugufi upande wa mashariki, huko ambako leo ni Ngara ya Tanzania. Lakini mshindi wa vita ana kazi ya pili, nayo ni kuishika ardhi aliyoitwaa. Ntare aliwatuma wanawe wakubwa wakaitawale mipaka hiyo mipya, na huko wakaota mizizi. Alipokufa, wana hao, ambao pamoja na uzao wao waliitwa Batare, walijikuta wana nchi, wana ng'ombe na wana mashujaa, ilhali ngoma ya ufalme imekwenda kwa mdogo wao asiyeweza bado kushika mkuki.

Kwa miaka kadhaa kaka yake Ndivyariye alitawala kwa niaba ya mtoto. Alikuwa mlezi hodari, lakini wakati wa kuyaachia madaraka ulipofika hakuwa tayari kuyaachia, na ikawa hapana njia ila silaha. Gisabo alishinda na Ndivyariye akaondolewa. Hata hivyo ushindi ule uliacha kidonda kisichopona. Tangu hapo uzao wa Ntare uliokuwa Bweru na nchi za jirani ulimtazama Mwami kama mdogo aliyewanyang'anya, na uzao wa Mwezi, yaani Bezi, uliwatazama Batare kama maasi wanaongoja nafasi. Mwami alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwaweka wanawe mwenyewe katika nchi alizoweza kuzishika. Katika nchi za katikati alifaulu. Kaskazini-mashariki hakufaulu.

Kilomita 7 hivi kutoka mji wa Gitega kiko kilima cha Gishora, maarufu kwa ngoma zake. Mapokeo yanakihusisha kilima hicho na Mwezi Gisabo na ushindi wake juu ya mtawala mmoja mwasi, Ntibirangwa. Baada ya ushindi huo ngoma ziliwekwa hapo, na miongoni mwake ni zile ziitwazo Ruciteme na Murimirwa. Wageni huzipiga picha na kusifu mdundo wake. Askari afaa azione kwa jicho jingine: ni alama ya kwamba amri ya Mwami imefika mahali ambapo jana haikufika. Mwaka 1881, na mwaka 1903, swali kubwa la Burundi lilikuwa lile lile, yaani amri ya Mwami inafika wapi, na inaishia wapi.

Sasa tuutazame upande wa ziwa. Ujiji, kwenye pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapitia Tabora. Ulipofika mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alilazimishwa na Waingereza kulifunga soko la watumwa la kisiwani na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Wengi hudhani kwamba biashara ile ilikufa hapo. Haikufa. Bei ya pembe za ndovu ilikuwa inapanda, na pembe hazina miguu. Kila pembe ilihitaji bega la mtu, na kila kituo cha wafanya biashara kilihitaji watu wa kulima, wa kupika, wa kupiga makasia na wa kushika bunduki. Hivyo watumwa ambao zamani wangevushwa hadi Unguja na Pemba kulima karafuu waliendelea kukamatwa, na wengi wakafanyishwa kazi huko huko bara.

Aliyekuja kuitikisa Burundi alikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyezaliwa Lindi, ambaye watu walimpa jina la Rumaliza, maana yake mtu anayemaliza kabisa. Jina la utani huwa linasema kweli ambayo barua rasmi hazisemi. Alikuwa mshirika wa Tippu Tip, tajiri mkubwa wa misafara ya Kongo, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 alijiweka Ujiji, akaeneza nguvu zake kwa mashua katika kingo zote za kaskazini mwa ziwa. Alitamani zile ardhi tambarare za Uzige, ambako leo uko mji wa Bujumbura, na kupitia hapo alitamani milima iliyoko nyuma yake, iliyojaa watu, ng'ombe na chakula.

Watu wa tambarare, yaani wa Imbo, waliteseka kweli, na haifai kulificha jambo hili ili hadithi ya ushindi ipendeze. Mtawala wa Uzige, Mukamba, ambaye Livingstone na Stanley walimfikia mwezi wa Novemba mwaka 1871, alikuwa mtu wa kujitegemea ambaye hakupatana na Mwami wa milimani. Baada yake watawala wadogo wa ufukweni walijikuta kati ya moto na maji: wakimkataa Rumaliza vijiji vyao vitachomwa, wakimkubali watatakiwa kutoa watu. Baadhi yao walitoa. Tena wako Warundi waliowauza Warundi wenzao, hasa nyakati za njaa, mtoto akibadilishwa kwa chakula au kwa nguo. Mtumwa hakukamatwa na mgeni peke yake. Kila mara alikuwako mwenyeji aliyeonyesha njia.

Kisa cha Rumonge kinaonyesha hali ile ilivyokuwa imechafuka. Mapadri Weupe walikuwa wamefungua misheni hapo mwaka 1879, na desturi yao ilikuwa kuwakomboa watoto watumwa kwa kuwanunua na kuwalea. Ukazuka ugomvi baina yao na mtawala wa pale, Bikari, juu ya mtoto mmoja. Tarehe 4 Mei 1881 watu wa Bikari waliwashambulia, wakawaua mapadri wawili na msaidizi mmoja wa Kizungu. Katika nchi ambamo mtoto ana bei, hata mwenye nia ya kumkomboa huonekana kama mnunuzi mwingine tu.

Katikati ya miaka ya 1880 Rumaliza aliwapeleka watu wake kupanda milima, na sio mara moja. Kila mara walirudishwa. Hapa ndugu zangu askari wanihurumie nikikaa kidogo, kwa sababu mambo haya kwa kawaida huandikwa na watu wasiowahi kubeba silaha, nao husema tu kwamba Warundi walikuwa mashujaa. Shujaa mwenye mkuki mbele ya bunduki hufa kishujaa, basi. Ilikuwako sababu nyingine.

Ya kwanza ni ardhi. Ziwa liko katika kimo cha mita 770 hivi juu ya bahari, na mgongo wa milima inayotenga maji ya Kongo na ya Nile unapita mita 2,500, tena ndani ya mwendo wa kilomita 30 tu kutoka ufukweni. Mtu wa tambarare aliyepanda na mzigo wake alifika juu amechoka, anatetemeka kwa baridi, na nyuma yake hakuna anayemletea chakula. Ya pili ni silaha yenyewe. Bunduki za misafara, wengi wakiziita gobori, zilishindiliwa baruti na risasi kwa mdomo. Kulishindilia gobori upya kulichukua muda ambao mpiga upinde hodari angetoa mishale kadhaa, na mvua ya milima yetu iliilowesha baruti ikawa haina maana. Gobori lina nguvu katika kijiji kilicholala au dhidi ya watu wanaokimbia. Kwenye mteremko wenye migomba na ukungu, adui akiwa juu yako, ni gongo zito tu.

Ya tatu, nami naiona kubwa kuliko zote, ni mpango wa watu. Mwami hakuwa na jeshi la kulipwa mshahara. Kilio cha hatari kilipopigwa, kilima kilikiitikia kilima, na kila mtawala alitoka na watu wake. Lakini karibu naye palikuwa na kikosi cha vijana waliolelewa ikuluni, walioitwa Abadasigana. Neno hilo la Kirundi maana yake ni wale wasioachana. Kikosi chenye jina hilo kilikuwa kimekwisha pewa amri yake ya kwanza na ya mwisho katika jina lenyewe. Watu wa Rumaliza walikuwa mchanganyiko wa watumwa waliopewa silaha, rugaruga wa kukodishwa na wafanya biashara wenye hesabu zao. Kila mmoja alijua kwamba akifa leo hatagawana mali kesho. Waliokuwa juu ya mlima walikuwa wanazilinda nyumba walizozizaliwa.

Rumaliza akabaki na ufuko. Milimani hakupata kituo, wala soko, wala njia ya kupitishia minyororo yake hadi upande wa Ruvubu. Kutoka mashariki nako hali ilikuwa hiyo hiyo: wafanya biashara wa pwani waliokuwa Karagwe walielekea Buganda, hawakuingia Burundi. Mwaka 1894 Rumaliza mwenyewe, baada ya kushindwa vita na majeshi ya Leopold upande wa Kongo, alilivuka ziwa akikimbia, na habari zake kwetu zikaishia hapo.

Yafaa niseme jambo moja kabla ya kuendelea. Lugha hii ninayoandikia, ambayo askari wa Muyinga na polisi wa Bujumbura huelewana kwayo bila kuuliza mtu katoka wapi, iliingia kwetu kwa njia ile ile ya misafara, na baadaye kwa midomo ya askari wa Kijerumani waliotoka pwani, Unyamwezi na Manyema. Wajukuu wa watu hao ni raia wenzetu, wako Buyenzi, wako Gitega, wako wengi Muyinga. Wazee wao wengi walifika wakiwa wapagazi na watumwa, hawakuja kama matajiri. Kumlaumu mjukuu wa mpagazi kwa makosa ya Rumaliza ni kumfunga mnyororo mara ya pili.

Baada ya ushindi ule haukupita muda mrefu kabla ya maafa kufika ambayo mkuki hauyafikii. Mnamo mwaka 1891 tauni ya ng'ombe, ambayo Warundi waliiita muryamo, iliyafagia makundi. Kisha wakaja funza wa miguuni, ambao hapo kabla hawakujulikana, ikafuata ndui na njaa. Mwanajeshi anayetembea juu ya kisigino kwa sababu vidole vimeliwa na funza sio mwanajeshi tena. Katika ufalme ambao urafiki, utumishi na utii vilifungwa kwa ng'ombe, kufa kwa ng'ombe kulikuwa kufa kwa nyuzi zilizowashona watu pamoja. Mwami aliyeweza kumpa mtu ng'ombe aliweza kumwomba ampe uhai wake. Mwami asiye na ng'ombe aliomba tu.

Mwezi wa Septemba mwaka 1892, katika miaka hiyo hiyo ya shida, alitokea kaskazini-mashariki mgeni mmoja, Oscar Baumann, Mwaustria aliyekuwa akisafiri kwa niaba ya Wajerumani. Umati ulimfuata ukiimba na kucheza, kwani wengi walidhani ni Mwezi wa kale aliyerudi. Mahali pengine alipigana. Aliipita nchi yote hadi kuuona mwanzo wa maji ya Ruvubu akishangilia kwamba ameiona chemchemi ya Nile, akashuka ziwani, akaondoka akiamini kwamba ufalme wa Burundi ulikwisha kufa zamani. Alipita nyumbani kwa mtu bila kujua kwamba mwenye nyumba yumo ndani. Mwezi Gisabo aliifahamu sana faida ya kutoonekana. Kwa miaka mingi hakuna Mzungu aliyeweza kusema uso wake ukoje.

Kulikuwa na mwiko pia, kwamba Mwami wa Burundi haruhusiwi kuliona Ziwa Tanganyika. Wajerumani walipofungua kituo cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, walimtaka Mwami aje kusalimu. Hakuja. Wao waliona kiburi. Kwa kweli yalikuwamo yote mawili, mwiko na kiburi, na Mwami aliutumia ule wa kwanza kukihifadhi cha pili.

Mapadri nao walikuwa wamefika kutoka mashariki, wakafungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera, kaskazini ya Gitega, mwaka 1899. Mwami aliwaona kama watangulizi wa bunduki, na hakukosea sana. Mwaka huo wa 1899 Kapteni Bethe alipanda milima na askari wake, akachoma na kuua, lakini Mwami hakupatikana. Mbinu iliyomshinda Rumaliza ilikuwa bado ina pumzi: kurudi nyuma, kujificha, kumchosha adui, kumfungia chakula.

Ila adui huyu hakuwa yule. Askari wa Kijerumani alikuwa na Mauser inayofunguliwa kwa nyuma, ambayo mvua haikuizuia, na pamoja naye ilikuwako bunduki ya rashasha. Alikuwa na nidhamu, mshahara na ofisa aliyejua kusoma ramani. Alitoka Unyamwezi, Usukuma, Manyema, Sudani, yaani alikuwa Mwafrika kama sisi, na huu ni uchungu ambao kila jeshi la bara hili limerithi. Na bado, nathubutu kusema, silaha peke yake zisingetosha.

Palikuwa na Kilima, aliyedai kuwa ni wa uzao wa Ntare na kwamba ngoma ni yake, akiwa na nguvu upande wa kaskazini-magharibi. Palikuwa na Maconco, ambaye alikuwa mkwe wa Mwami mwenyewe, ameoa binti yake, kisha wakakosana. Mapokeo husema ugomvi wao ulianzia kwenye mbwa. Iwe ni mbwa au ni jambo lingine, chuki ya mkwe ni chuki ya mtu aliyekwisha kula ndani. Anajua mlango wa nyuma uko wapi. Na palikuwa na Batare wa kaskazini-mashariki, katika nchi ya Muyinga, ambapo Kanugunu alitawala bila kumtambua Mwami. Wengine walikwenda kwa Mjerumani, wengine walikaa kimya wakitazama. Kwa mtu anayeshambuliwa, anayekaa kimya ni adui anayengoja zamu yake.

Kapteni von Beringe, mkuu wa kituo cha Usumbura, ni mtu ambaye dunia inamkumbuka kwa jambo lingine kabisa: mwaka 1902, juu ya mlima Sabinyo, alimwua sokwe mkubwa wa milimani ambaye wataalamu wakampa jina lake. Mwaka uliofuata alimwinda Mwami. Gavana wake aliyekuwa Dar es Salaam, von Götzen, alipendelea wafalme waachwe mahali pao ili watawalwe kupitia wao. Von Beringe hakungoja ruhusa. Aliwachukua Kilima na Maconco wawe marafiki zake na waonyeshaji njia, akaishambulia nchi ya katikati, akachoma nyumba za kifalme, akawaua watu wengi. Safari hii kujificha hakukufaa, kwa sababu miongoni mwa wawindaji walikuwamo watu walioujua uso wa Mwami.

Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, Mwezi Gisabo alikubali masharti. Alitakiwa kuutambua utawala wa Wajerumani, kulipa faini ya ng'ombe 424, kuacha misafara ipite, kutowagusa mapadri, na kuitengeneza njia ya kutoka Usumbura kwenda Muyaga. Kilima na Maconco walitambuliwa kuwa watawala wanaojitegemea. Ng'ombe 424, baada ya muryamo, haikuwa faini ndogo. Lakini sharti kubwa, kwa maoni yangu, ni lile la misafara. Mlango ambao Mwami aliufunga mbele ya Rumaliza kwa miaka karibu 20 ulifunguliwa kwa sahihi ya Kiganda.

Na hapo ndipo inapofaa kuwauliza Wajerumani hesabu yao. Walipokuja Afrika ya Mashariki walijitangaza kuwa wamekuja kukomesha utumwa. Je, waliukomesha? Walipiga vita uwindaji wa watu na misafara ya minyororo, hilo ni kweli. Utumwa wenyewe waliuacha uwe halali katika koloni lao. Amri iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 1904 ilisema kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Wazazi wao walibaki kama walivyokuwa, ila waweze kujikomboa kwa fedha. Katika Tanganyika utumwa ulifutwa na sheria mwaka 1922, Mjerumani akiwa amekwisha kuondoka. Milimani kwetu ilikuja kazi ya lazima: kubeba mizigo ya serikali na kutengeneza njia.

Von Götzen alikasirika aliposikia yaliyofanyika. Von Beringe aliondolewa, na mahali pake akaja von Grawert, ambaye aligeuza siasa yote. Mwaka 1905 Mwezi Gisabo alitambuliwa kuwa Mwami wa Burundi yote, na bunduki zile zile zilizomwinda zikaelekezwa kwa maadui zake. Maconco, rafiki wa jana, aliuawa na Wajerumani wenyewe mwaka huo. Kilima alikamatwa na kupelekwa uhamishoni. Kisha zamu ikafika kaskazini-mashariki: Kanugunu aliuawa, na nchi ya Bweru ikatakiwa kumtii Mwami ambaye babu na baba zao hawakumtii.

Wako wanaosema kwamba mwisho huo ulikuwa ushindi wa Mwami: alitaka nchi moja, akaipata. Mimi siwezi kukubali kirahisi. Jambo ambalo hakuweza kulifanya kwa Abadasigana wake kwa miaka 40 alilifanyiwa na askari wa mtu mwingine kwa miaka miwili, na anayekufanyia kazi kama hiyo hukaa nyumbani kwako. Lakini pia siwezi kumdharau. Alikuwa mzee, nchi imechomwa, ng'ombe wamekwisha, na ndugu zake ndio waliomsaliti. Aliyabakiza yaliyoweza kubaki: ngoma, jina, mipaka ya kati, na watu ambao hawakupelekwa kwa minyororo Ujiji.

Mwezi Gisabo alifariki mwezi wa Agosti mwaka 1908. Alitawala zaidi ya nusu karne, muda ambao wafalme wachache wa bara hili waliufikia. Ngoma ilikwenda kwa Mutaga Mbikije, kijana mdogo, chini ya macho ya Ririkumutima, mke mwenye nguvu wa marehemu, na ya Ntarugera, mwanawe mkubwa. Kwa hiyo nchi ilirudi ilikokuwa mwaka 1850: mfalme mtoto, na wakubwa wake wakivutana. Kule Muyinga jamaa za Kanugunu walianza mara moja kuzikataa amri za Mwami mpya, na Wajerumani wakapanda tena na bunduki zao.

Mwaka 1912 Wajerumani waliyahamisha makao yao ya utawala kutoka Usumbura. Usumbura ulikuwa kando ya ziwa, mbali na kitovu cha nchi, mahali ambapo mwiko ulimzuia Mwami kufika. Walichagua kilima katikati ya ufalme, mwendo wa saa chache kutoka ngoma za Gishora, wakajenga boma lao hapo, wakauita mji huo Kitega.